Ndege katika mpunga wa Ruzizi: kuwafukuza bila sumu, na bila kumtoa mtoto masomoni

Kila msimu, mpunga unapoanza kutoa masuke katika bonde la Ruzizi, toka Kamanyola kushuka Luvungi, Luberizi, Sange mpaka Kiliba, inaanza kazi moja ambayo wakulima wengi hawaiandiki katika hesabu zao. Ni kazi ya kufukuza ndege, au kuwinga, kama wanavyosema ng'ambo ya ziwa huko Tanzania. Kabla jua halijatoka, mtu anapaswa awe tayari kando ya shamba na mikebe, mawe na sauti yake. Na mara nyingi mtu huyo ni mtoto wa miaka nane, kumi au kumi na miwili.

"Leo enda kwanza ku shamba, masomo utaenda kesho." Mzazi anayesema hivyo hana nia mbaya. Ametia mbolea ya deni, amelipa watu wa kupandikiza, amepalilia mara mbili, na sasa anaona kundi la ndege likishuka juu ya kile alichongojea miezi minne. Lakini kesho yake ndege wanarudi, na neno lile lile linarudi. Mpunga uliopandikizwa mwezi wa Februari unatoa masuke karibu na mwezi wa tano, wakati wanafunzi wa darasa la sita wanajiandaa kwa mtihani wa taifa. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, na mzazi hana tena kisingizio cha minervali. Kumbe bado kuna ndege.

Habari njema ni kwamba kazi hii si ya siku nzima, wala si ya msimu mzima. Mkulima anayejua ndege gani anakula, wakati gani na anatokea wapi, anaweza kupunguza sana hasara bila kuua na bila kumweka mtoto juani toka asubuhi mpaka jioni.

Nani hasa anakula mpunga

Watu wakisikia habari ya ndege waharibifu, wanafikiri mara moja kwelea kwelea, yule ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu anayehesabiwa kuwa ndege wa porini mwenye idadi kubwa kuliko wote duniani. Huko Kenya na Tanzania anatembea kwa makundi ya mamilioni. Kwelea mmoja anakula karibu gramu 10 za nafaka kwa siku. Ni kidogo sana, lakini kundi la milioni mbili ni tani 20 kwa siku moja.

Katika mashamba madogo ya Ruzizi, adui wa kila siku mara nyingi ni ndege wa kawaida zaidi. Kuna ndege wafumaji, wale wa manjano wenye kichwa cheusi wanaoning'iniza viota vyao kwenye mitende na mianzi karibu na nyumba. Kuna ndege wadogo sana, wa rangi ya kahawia na nyeusi wenye tumbo jeupe, wanaokaa wengi pamoja kwenye bua moja mpaka linainama. Hawa uzito wao ni karibu gramu 10 tu. Wakati wa kupanda mbegu, njiwa na bata wa porini nao wanafika, lakini wale hawana shida na suke.

Yangeyange anafukuzwa bure. Huyu ndege mweupe mwenye miguu mirefu anayetembea ndani ya maji ya mpunga hali mpunga. Anatafuta vyura, panzi na wadudu. Kumtupia jiwe ni kumfukuza mfanyakazi asiyedai mshahara. Hata ndege wafumaji, wakati wa kulea watoto wao, wanawalisha wadudu wengi, viwavi na panzi wakiwa humo.

Kabla ya kulaumu ndege, inafaa pia kuangalia suke lenyewe. Suke lililoliwa na ndege linakuwa na punje zilizobanwa, maganda matupu yamebaki palepale, mengine yana alama nyeupe ya maziwa yaliyokauka, na sehemu ya juu ya suke mara nyingi imevunjika. Suke lote likiwa jeupe, limesimama wima, na ukilivuta linatoka kwa urahisi, huyo ni mdudu wa ndani ya bua. Bua likiwa limekatwa chini kwa upande, ni panya. Wakulima wengi wanaweka walinzi wa ndege mchana wakati hasara yao inafanywa na panya usiku.

Hesabu ya kundi dogo

Tuseme kundi la ndege 500 wadogo limezoea shamba moja, na kila mmoja anakula gramu 5 za mpunga kwa siku. Ni kilo mbili na nusu kila siku. Kwa siku 25 ni kilo 62 na nusu, karibu gunia moja, na hapo hazijahesabiwa punje wanazoangusha matopeni. Kwa mtu mwenye hekta mbili hilo ni jambo la kuvumilia. Kwa mama mwenye robo ya hekta, anayetegemea magunia machache kulipa deni la mbolea na kulisha nyumba, lile gunia ndilo faida yenyewe.

Hesabu hiyo hiyo inasaidia kupima njia za kinga. Njia yoyote inayogharimu kuliko gunia moja kwa robo ya hekta ni hasara mpya juu ya ile ya ndege. Ndiyo sababu vifaa vingi vinavyosifiwa katika nchi tajiri, kama vile taa za laza za kufukuza ndege, ndege za droni au wavu mpya wa kufunika shamba zima, haviko kwa mkulima wa Luberizi.

Wiki tatu au nne tu

Toka mpunga kuchanua mpaka kuvunwa, katika nchi za joto, kuna karibu siku 30. Ndege haanzi siku ya kwanza. Anangoja punje ziwe na maziwa, yaani karibu wiki moja baada ya kuchanua. Hapo anazibana kwa mdomo na kunyonya maziwa, na kwa sababu maziwa hayashibishi haraka, anapita kwenye punje nyingi sana. Baadaye punje zikianza kugumu kama unga uliokandwa, bado anazipenda. Zikikauka kabisa anaendelea, lakini anazivunja kwa shida zaidi.

Basi wakati wa kulinda ni wiki tatu hadi nne. Na ndani ya siku yenyewe kuna vipindi viwili: toka jua linapochomoza mpaka katikati ya asubuhi, kisha toka alasiri mpaka jua kuzama. Saa za jua kali ndege wengi wanapumzika kivulini, kwenye matete na miti. Mtoto anayewekwa shambani toka asubuhi mpaka jioni anatumia saa nyingi kulinda mahali ambapo hakuna kitu kinachokuja.

Kipindi cha asubuhi ndicho kizito kuliko vyote, kwa sababu ndege ameamka na njaa. Ndicho pia kinachogongana na kengele ya masomo. Na ndicho kipindi ambacho, usalama ukiwa mbaya, watu wanaogopa kutoka nyumbani mapema. Siku zile ambazo hakuna anayethubutu kufika shambani kabla ya jua kupanda, ndege wanakula wa kwanza. Kwa hiyo njia za kinga zinazofanya kazi bila mtu kuwepo zina maana ya pekee hapa, hata kama hazimalizi tatizo.

Kazi inayoanza kabla ya ndege

Kinga kubwa kuliko zote haionekani kama kinga. Ni kupanda pamoja. Ndege wa eneo moja wana tumbo lenye mwisho. Mashamba ya bloki nzima yakitoa masuke wiki moja, hasara inagawanyika na kila mtu anapoteza kidogo. Lakini yule aliyepanda wiki tatu kabla ya wengine, au aliyechelewa wiki tatu, analisha ndege wote wa kijiji peke yake. Aliyetangulia anafikiri atauza kwa bei nzuri. Mara nyingi anavuna mabua. Kamati za maji zinazogawa zamu za mfereji zina nguvu katika jambo hili kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu ndizo zinazoamua nani anapata maji lini. Zamu ikichelewa upande mmoja wa mfereji, upande ule utatoa masuke peke yake, na ndege watajua.

Ng'ambo ya mto, katika bonde la Imbo upande wa Burundi, wanalima mpunga vilevile. Ndege hawahitaji jetoni kuvuka Ruzizi. Mpunga wa upande mmoja ukivunwa, makundi yanaweza kuhamia upande ulio na masuke.

Jambo la pili ni magugu. Majani ya porini yenye mbegu, hasa yale yanayofanana na mpunga na kuota ndani ya maji, yanatoa mbegu kabla ya mpunga wenyewe. Kundi linakuja kula zile mbegu, linazoea mahali, na siku mpunga unapopata maziwa liko tayari nyumbani. Kupalilia na kusafisha matuta kabla ya masuke ni kufunga mlango kabla mgeni hajaonja chakula.

Tatu, matete na vichaka vinavyogusana na shamba. Ndege wadogo hawapendi kuruka mbali kwenye mahali wazi. Wanatoka kwenye matete, wanakula kwenye mistari ya kwanza, na wakishtuliwa wanarudi matete. Tembea kando ya shamba lolote lililoliwa na utaona: pembeni kumeisha, katikati bado kuna mpunga. Kukata matete ya ukingo wa mfereji kabla ya wakati wa maziwa kunawafanya wawe na safari ndefu na ya hatari. Hii si ruhusa ya kukata miti yote ya kijiji. Miti mikubwa inakaliwa pia na kipanga na mwewe, ambao kazi yao kila mtu anaijua.

Kubomoa viota ni jambo ambalo vijana wanalipenda na ambalo halileti matunda mengi. Dume la ndege mfumaji linafuma viota vingi kwa msimu mmoja. Kiota kisichopendwa na jike, dume lenyewe linakibomoa na kufuma kingine. Anayebomoa viota vitupu anamsaidia tu kuanza upya. Na anayebomoa vyenye watoto hapunguzi hata kidogo kundi linalokuja shambani wiki hiyo.

Kuhusu mbegu, zipo aina za mpunga zenye ndevu ndefu, na zipo zenye jani la juu lililosimama wima na kufunika suke. Ndege anazila kwa shida zaidi. Lakini hiyo ni kinga ya jirani kwa jirani: kama mpunga wa pembeni ni rahisi, anaenda kule, kama wote una ndevu, njaa itamfundisha.

Sanamu, mikebe na kaseti

Njia zote za kushtua zina ugonjwa mmoja: ndege anazoea. Sanamu ya mtu aliyevaa shati kuukuu inatisha siku mbili tatu, kisha ndege anakuja kukaa kwenye mkono wake. Kosa haliko kwenye sanamu, liko kwa mtu aliyeisimamisha na kuondoka. Inayosaidia ni sanamu inayohamishwa kila siku mbili, inayobadilishwa nguo, yenye kitambaa kinachopepea, na iliyovaa nguo ileile ambayo mlinzi wa kweli anavaa. Siku moja ni sanamu, siku nyingine mtu aliyesimama palepale anatupa jiwe. Ndege asiyejua yupi ni yupi anaendelea kuogopa wote wawili.

Utepe wa kaseti za zamani, ule wa redio au wa video, bado unapatikana sokoni kwa bei ndogo. Unafungwa kwenye vijiti, unavutwa juu ya mpunga, na kusokotwa mara chache kabla ya kufungwa upande wa pili, ili upepo ukipita ung'ae na kuvuma. Mistari ikiwa mbali sana ndege wanatua katikati. Hatua tatu hadi tano kati ya mstari na mstari ni kipimo cha kufaa. Katika bonde lenye upepo wa alasiri utaufanya kazi vizuri, lakini asubuhi kukiwa kimya unalala, na asubuhi ndiyo njaa. Usiufunge mapema. Uking'aa mwezi mzima kabla ya maziwa, siku utakayouhitaji utakuwa pambo tu. Baada ya mavuno utolewe, maana vipande vinaziba mifereji na mbuzi wanavimeza. Sidi zilizoharibika zinaning'inizwa vivyo hivyo.

Njia ambayo inaheshimika kuliko zote, na ambayo wazee wanaijua, ni kamba na mikebe. Mlinzi anakaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu katikati ya shamba. Toka hapo kamba zinaenda pande zote, zimepita juu ya vijiti, na kwenye kila kijiti kuna mikebe, au chupa za plastiki zenye mawe madogo ndani. Kundi likishuka upande wa mfereji, mlinzi anavuta kamba ya mfereji peke yake. Hakimbii, hapigi kelele mpaka sauti ikauke, na ndege hawajui mkono uko wapi. Mtu mzee asiyeweza kukimbia matutani anaifanya kazi hii vizuri. Hilo pekee lina thamani, kwa sababu linaondoa ile sababu ya kusema kwamba ni lazima mtoto, kwa kuwa mtoto ndiye mwenye mbio.

Kombeo na manati vinatumika sana. Jiwe likipita karibu linatisha. Likiangukia mpunga linavunja masuke, na likimpata mtu aliyeinama shamba la pili ni shida nyingine. Mjeledi wa kupiga hewani unatoa mlio mkali bila kurusha kitu.

Katika Ulaya na Marekani wanatumia mzinga wa gesi unaolipuka wenyewe kila baada ya dakika kadhaa. Hapa haufai hata siku moja. Mlio wake ni wa bunduki, na katika bonde ambalo watu wamekimbia mara nyingi kwa sababu ya mlio kama huo, ungemaliza kijiji kabla ya kumaliza ndege. Baruti za sherehe nazo ni vivyo hivyo.

Pilipili, ambayo wengi wanaisaga na kuipulizia mpunga, ni kazi bure. Ule ukali unaochoma ulimi wa mtu na wa panya, ndege hausikii. Ndege wanakula pilipili mbichi na kusambaza mbegu zake. Anayepulizia pilipili anajiumiza macho mwenyewe.

Nyavu

Wavu ndiyo kinga pekee ambayo ndege hazoei. Lakini kufunika shamba lote ni ghali, na ni kazi kubwa. Mahali pake ni kitalu cha miche, au kipande kidogo cha mbegu ambacho mkulima anakitunza kwa msimu ujao. Kwenye kitalu, siku za kwanza baada ya kumwaga mbegu zilizoota, hata majani ya mitende au nyasi kavu zinatosha, mradi ziondolewe miche inapoanza kusimama.

Upande wa Uvira, nyavu kuukuu za ndagala zinapatikana kwa wavuvi. Matundu yake ni madogo, na ndege wadogo hawapiti. Nyavu za samaki wakubwa hazifai: ndege mdogo anapita, na mkubwa kidogo ananasa shingo na kufa. Wavu unapaswa kuvutwa uwe mkavu kama ngoma, juu ya vijiti, mbali na masuke; ukilegea na kulala juu ya mpunga, ndege anakaa juu na kula kupitia matundu. Uangaliwe kila asubuhi, na ndege au nyoka aliyenasa atolewe.

Chandarua cha kuzuia malaria kisiende shambani. Kimetiwa dawa ambayo ikifika kwenye maji inaua samaki, na bonde la Ruzizi ni moto, lina maji yaliyotuama na mbu kila mahali. Mtoto aliyelala bila chandarua ili mpunga upate wavu atakula faida ya mpunga huo kwenye dawa za malaria.

Kwa nini si sumu

Kwa serikali za nchi jirani, jibu la kwelea limekuwa kupulizia. Januari 2023, katika kaunti ya Kisumu magharibi mwa Kenya, kwelea walipovamia mashamba ya mpunga, serikali ilipulizia dawa inayoitwa fenthion mahali wanapolala. Hiyo ni sumu ya jamii moja na dawa kali za wadudu zinazoshambulia mishipa ya fahamu, na haichagui. Inaua bundi na kipanga wanaokula ndege waliokufa, inaua samaki, na ni hatari kwa mtu anayeipulizia.

Katika Ruzizi hakuna ndege za kupulizia. Kinachotokea ni kidogo na kibaya zaidi: mtu mmoja ananunua unga au punje za dawa ya wadudu sokoni, mara nyingi kwenye kifuko kisicho na jina, anachanganya na mchele na kumwaga kwenye tuta. Ndege waliokufa wanaokotwa. Na wanaokotwa na watoto, ambao wanawachoma na kuwala. Huko Bunyala, Kenya, karibu na Ziwa Viktoria, ilijulikana wazi kwamba watu walitumia dawa ya wadudu iitwayo karbofurani kuua ndege katika mashamba ya mpunga na kuwauza kama nyama. Sumu hiyo haiishi kwa kuchoma nyama juu ya moto dakika chache. Kuku wa jirani, mbwa, na maji ya mfereji ambayo watu wanaogea, vyote viko kwenye njia yake.

Tena haisaidii. Ndege 100 wakifa leo kwenye tuta, wengine wanatoka kwenye matete kesho kuchukua nafasi yao, kwa sababu kilichowaleta, yaani mpunga wenye maziwa, bado kipo. Mtu akimeza au akishika dawa kama hiyo kisha akaanza kutoa mate mengi, kutapika, kutokwa jasho, macho kuona kiza au mikono kutetemeka, apelekwe mara moja kituo cha afya pamoja na kile kifuko cha dawa. Asingojeshwe nyumbani kwa maziwa au mafuta ya mawese.

Zamu badala ya mtoto

Desturi ya kila nyumba kulinda kipande chake ina kasoro kubwa. Ndege aliyefukuzwa kwa Mama A anatua kwa Mama B, hatua thelathini kutoka pale, na mtoto wa Mama B anamrudisha. Watoto kumi wanarushiana kundi moja asubuhi nzima, na kundi linashiba.

Mahali ambapo majirani wa mfereji mmoja wanakubaliana, watu wazima watatu au wanne wanaweza kulinda bloki nzima kwa zamu, kila mmoja kona yake, wakilisukuma kundi nje ya mpunga badala ya kulipeleka kwa jirani. Nyumba kumi zenye walinzi wanne kila asubuhi, maana yake kila nyumba inatoa mtu mzima siku mbili kati ya tano, na kwa wiki tatu au nne tu. Nyumba isiyo na mtu mzima wa kutoa, kama ya mjane au mgonjwa, inaweza kulipa kwa mpunga baada ya mavuno. Kilo chache kwa mlinzi ni nafuu kuliko gunia kwa ndege. Yanayovunja mapatano haya kwa kawaida ni mawili: mtu anayepanda peke yake nje ya wakati kisha anadai alindiwe, na mtu anayemtuma mtoto wake katika zamu ya mkubwa. Mambo hayo mawili yazungumzwe mwanzo wa msimu, mbegu ikiwa bado kwenye gunia, si wakati watu wamekasirika.

Sheria ya Congo ya 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inampa kila mtoto haki ya kusoma. Lakini hakuna polisi atakayepita matutani kuhesabu watoto, na mwalimu anayeona viti vitupu mwezi wa tano anajua viko wapi. Baadhi ya kazi inaweza kubaki kwa mtoto bila kumharibia: mtoto anayesoma asubuhi kusaidia saa moja alasiri, pamoja na mkubwa, ni tofauti kabisa na mtoto anayepoteza mwezi mzima. Penye shule zenye zamu mbili, ya asubuhi na ya mchana, wazazi wenye watoto wawili wakati mwingine wanawagawa ili kila mmoja apate nusu siku. Inafanyika, ila yule wa zamu ya mchana anafika darasani amechoka toka alfajiri, na analala juu ya daftari.

Siku za mwisho

Ulinzi mrefu kuliko lazima unatokana mara nyingi na kuchelewa kuvuna. Punje 80 hadi 85 kati ya 100 zikiwa na rangi ya majani makavu, mpunga uko tayari. Anayengoja mpaka zote zikauke juu ya bua anawapa ndege wiki nyingine, na punje zinaanza kudondoka zenyewe. Wengi wanachelewa si kwa kupenda: wanangoja watu wa kuvuna au faranga za kuwalipa. Hapo tena waliopanda pamoja wana shida, kwa sababu wote wanatafuta wavunaji wiki moja. Bora wavunaji waagizwe mapema, pengine kabla hata ya kuanza kulinda.

Mpunga uliokatwa usilale shambani kwa marundo siku nyingi. Upigwe, upepetwe, uletwe nyumbani. Na kwenye shitingi ya kuanikia, njiwa na shomoro wanangoja, pamoja na kuku wa nyumba. Kwa kazi hiyo mtoto aliyerudi masomoni anatosha, amekaa kivulini na fimbo ndefu, daftari magotini.